Mwalimu, weda gani ya bei nafuu ninunue kwa kuanzia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miezi michache tu tangu nianze kuvua kwa fimbo. Mto ninaovulia una kokoto, maji yanafika magotini, sehemu zingine mapajani, na mara moja moja naenda ziwani. Nataka weda lakini hela yangu ndogo, na nikiangalia naona za bei ya chini kabisa za plastiki zenye buti zake humohumo, halafu naona zingine bei mara tano mara sita eti zinapumua. Nichukue ipi? Na ni kweli weda ikiingia maji inakuzamisha? Tena kuna rafiki yangu ananiuzia yake ya neoprini aliyoitumia miaka mitatu, bei ya kutupa. Mimi ni mfupi, nina tumbo kidogo, na mguu wangu ni namba 44.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nimelipenda swali lako kwa sababu umetaja mto wako ulivyo, umetaja tumbo, umetaja na namba ya mguu. Wengi wananiuliza tu "weda gani nzuri" basi, ni kama mtu aulize kiatu gani kizuri bila kusema anaenda shambani au harusini. Kwa anayesoma hapa na hajui weda ni nini, ni ile suruali isiyopitisha maji ambayo mvuvi anaivaa juu ya nguo zake na kuingia nayo majini, imezibwa mpaka kwenye vidole vya miguu, zingine zinaishia mapajani, zingine kiunoni, na nyingi zinapanda mpaka kifuani zikishikwa na mikanda ya mabegani kama ovaroli.

Mimi nimeziba weda kwa miaka mingi, zangu na za wavuvi wenzangu, na nakwambia nilichokiona mezani kwangu mara zote: weda ya bei nafuu haifi kwa sababu ni ya bei nafuu. Inafia sehemu mbili, msambani na kwenye nyayo. Msambani inafia kwa sababu haikumtosha aliyeivaa, kila akiinua goti apande jiwe mshono unavutika, unavutika, siku moja unaachia. Kwenye nyayo inafia kwa sababu kokoto ziliingia kati ya soksi ya weda na buti, zikawa zinasaga kidogo kidogo kila hatua. Na za bei mbaya nazo nimeziziba palepale, sehemu zilezile. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi na mara nyingi ni kweli, ila kwenye weda upishi unavunjwa zaidi na saizi isiyo yako kuliko na bei. Kwa hiyo hela yako ndogo tuielekeze huko kwanza, kwenye saizi na kwenye miguu, mambo ya mifuko na zipu na rangi yaje baadaye kama kutabaki kitu.

Ila kabla hujatoa hela jiulize kama unaihitaji kweli. Maji yakiwa ya vuguvugu na jua lipo, kaptula inayokauka haraka, soksi nene na buti zinazoshika mawe zinatosha kabisa, unalowa, unatoka, unakauka. Wavuvi wazuri wengi tu wanavua hivyo msimu wa joto. Weda ni kwa ajili ya baridi, manake maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, ndo maana hewa ya nyuzi 15 unaivumilia na fulana lakini maji ya nyuzi 15 yakikushika miguu kwa saa zima unaanza kutetemeka. Kama unavua asubuhi mapema maji yakiwa ya baridi, au unasimama sehemu moja muda mrefu, hapo ndo weda inalipa.

Sasa urefu. Nimeona watu wengi wanaoanza wanakimbilia zile za mapajani kwa sababu ni rahisi na nyepesi, na kwa mto wa magotini utadhani zinatosha. Mi nakushauri uchukue ya kifuani. Wewe mwenyewe umesema sehemu zingine maji yanafika mapajani, sasa ukikanyaga shimo moja tu la kina cha kiganja weda ya mapajani imeshajaa, siku imeisha. Ya kifuani ukiwa kwenye maji mafupi unaikunja mpaka kiunoni unafunga mkanda juu yake, inakuwa ya kiunoni, hujapoteza kitu. Ila hiyo sehemu ya juu sio ruhusa ya kuingia maji ya kifuani! Hiyo ni akiba yako ukiteleza, kwa anayeanza maji yakishapita katikati ya paja na yana mkondo, geuka urudi.

Kwenye kitambaa kuna aina tatu kubwa. Ya kwanza ndo hiyo ya plastiki uliyoiona, nailoni iliyopakwa PVC. Haipitishi maji, lakini haipitishi na jasho. Ukitembea nayo nusu saa juani ukaja kuivua utakuta suruali yako ya ndani imelowa kabisa na utaapa kwamba weda inavuja. Nimeletewa weda za hivyo kuziba, nazijaza maji naning'iniza, hazitoi hata tone, ilikuwa jasho la mwenyewe. Ni nzito kidogo, baridi ikizidi inakuwa ngumu, na ukiikunja kunja palepale kila siku inapasuka kwenye mkunjo. Ila kwa mtu anayeegesha karibu na maji, anatembea kidogo, anavua saa mbili tatu anarudi, inafanya kazi bila wasiwasi na ukiitunza inakaa misimu kadhaa.

Ya pili ni neoprini, ule mpira laini kama wa suti za wapiga mbizi, DuPont ya Marekani ndo walioutengeneza mwaka 1930. Ndani yake una vipovu vidogo sana vya gesi, hivyo vipovu ndo vinazuia baridi. Unakuta za milimita 3.5 na za milimita 5, hiyo ya pili ni kwa maji ya barafu kabisa. Neoprini inavutika vizuri mwilini, haichaniki ovyo, lakini ukitembea nayo kwenye joto unapikika, sina neno lingine. Tena vile vipovu vinaelea, kwa hiyo ukiwa kwenye maji ya kiunoni miguu inakuwa myepesi na haishiki chini vizuri.

Ya tatu ndo hizo zinazopumua. Ndani ya kitambaa kuna utando wenye vitundu vidogo mno, maji hayapiti lakini mvuke wa jasho unapita. Utando maarufu kuliko yote ni Gore-Tex, Bob Gore aliugundua mwaka 1969 alipovuta kwa nguvu na kwa ghafla kipande cha PTFE, ile ile wanayopaka kwenye vikaango visivyoshika chakula, ikatanuka ikawa na vitundu. Wenyewe wanasema kila kitundu ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji na bado ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Siku hizi kuna tando za kampuni zingine za bei ya chini zaidi, na kwa anayeanza zinatosha. Ila elewa kitu kimoja ili usije ukaona umeibiwa: kupumua sio uchawi. Jasho linatoka kwa sababu ndani kuna joto na unyevu kuliko nje, hewa ya nje ikiwa ya moto na nzito halitoki vizuri, na ukivaa jinzi ya pamba ndani pamba itanyonya jasho lote na kulikalia. Ndani vaa nguo za poliesta au sufu, ukiwa na suruali ya mazoezi ya kawaida tu umemaliza. Na weda inayopumua haina joto lake yenyewe, joto unaongeza kwa nguo za ndani, ndo uzuri wake huo, asubuhi unavaa mbili, mchana unavua moja.

Kwa hali yako, mto wa kokoto unaotembea tembea na mara moja moja ziwa, mi ningechukua inayopumua ya bei ya chini katikati, yenye soksi, halafu buti nanunua pembeni. Kama hela haifiki hapo kabisa, chukua ya PVC bila aibu, ila usichukue inayopumua iliyo rahisi kuliko zote. Hizo za chini kabisa mara nyingi utando wake ni mwembamba na magotini hawajaongeza kitambaa, unapiga goti mara tano kwenye kokoto umeshatoboa. PVC nzuri kwa hela hiyohiyo itakufaa zaidi.

Hilo la soksi na buti nalifafanua manake ndo panapowachanganya wengi. Kuna weda zilizounganishwa na buti za mpira moja kwa moja kama gambuti, na kuna zinazoishia na soksi nene ya neoprini halafu juu yake unavaa buti za kuvulia za kufunga kamba. Za buti humohumo unavaa na kuvua haraka, mchanga hauingii, miguu ina joto zaidi, ufukweni kwenye mawimbi na mchanga mi nazipenda hizo. Tatizo lake kifundo cha mguu hakishikwi, mguu unacheza ndani, na kwenye mawe ya duara yenye utelezi kifundo kinapinda kirahisi sana. Kwenye tope la kunata ni balaa, buti inabaki chini mguu unatoka. Za soksi na buti za kamba zinakushika mguu kama kiatu cha kupandia mlima, na buti zikichakaa unabadili buti tu, weda unaendelea nayo. Mto wako wa kokoto unataka hizo.

Soli nayo. Kuna za mpira wenye meno, kuna za felti, ile inayofanana na sufu iliyoshindiliwa, na kuna za kuwekwa njumu za chuma. Felti kwenye mawe yenye ukungu inashika vizuri kweli, ila inanyonya maji na kubeba viumbe toka mto mmoja kwenda mwingine, na haikauki haraka. New Zealand walipiga marufuku soli za felti mwaka 2008 baada ya mwani mmoja wa kigeni unaoitwa didimo kuingia kwenye mito yao, na hifadhi ya Yellowstone kule Marekani nao hawaziruhusu tangu 2018. Kwa hiyo we chukua soli ya mpira yenye matundu ya kuwekea njumu, anza nayo hivyohivyo, ukiona unateleza unaongeza njumu mwenyewe. Njumu usipande nazo boti ya kujaza upepo, na usitembee nazo kwenye sakafu ya watu.

Haya, sasa saizi, hapa nisome polepole. Chukua tepu ya fundi cherehani, vaa nguo utakazovaa ndani ya weda, zote, mpaka soksi nene. Pima urefu wa mguu kwa ndani, toka msambani mpaka sakafuni. Pima mzunguko sehemu ile uliyo mnene kuliko zote, kwako ni tumbo, sio kiuno cha suruali, watu wanaandika namba ya jinzi yao na jinzi inakaa chini ya tumbo. Halafu mguu. Hizo namba tatu ndo unazipeleka kwenye jedwali la saizi la weda yenyewe, kila kampuni ina jedwali lake na L ya huyu sio L ya yule. We ni mfupi na una tumbo, ukifuata tumbo tu utapewa weda ya mtu mrefu, kitambaa kitajikusanya magotini na kwenye vifundo, kinasuguana, kinatoboka. Ukifuata urefu tu itakubana tumboni na msambani ndo itakufa. Kampuni nyingi zina saizi za kati kwa watu wa namna yako, wameandika kwamba ni fupi na pana, tafuta hizo hata kama utasubiri wiki mbili.

Ikifika, usiende nayo mtoni. Vaa ndani ya nyumba, kwenye mkeka au zulia, lebo ikiwa bado ipo ili uweze kurudisha. Inua goti moja mpaka usawa wa kiuno kama unapanda ngazi ndefu, halafu lingine. Chuchumaa mpaka chini kabisa. Piga goti moja, inama ushike kidole cha mguu. Ukisikia kitambaa kinakukaza msambani au kinavuta mikanda ya mabegani chini, ni ndogo, rudisha hata kama muuzaji anakwambia itavutika (neoprini inavutika, zingine hazivutiki). Ukiona kimebaki kitambaa cha kushika mkono mzima kati ya miguu, ni kubwa. Kisha angalia soksi za weda, za bei nafuu zingine soksi ya kulia na ya kushoto hazina tofauti, zimeshonwa kama mfuko tu, zinajikunja chini ya wayo na kukuumiza. Tafuta iliyoshonwa kwa umbo la mguu.

Buti zisikubane. Soksi ya neoprini ni nene, ongeza na soksi yako ya ndani, kwa hiyo mtu wa 44 mara nyingi anaishia 45, wakati mwingine 46, lakini kampuni zingine zimeshaiongeza hiyo nafasi kwenye namba zao kwa hiyo soma maelezo yao. Jaribu ukiwa umevaa weda kabisa, vidole viweze kucheza. Buti ikikubana damu haiendi vizuri na mguu utaganda kwa baridi hata ukivaa soksi tatu, na watu wakisikia baridi wanaongeza soksi ya nne, ndo wanaharibu kabisa. Chini ya mguu wa weda kuna kile kipande cha kitambaa kinachoshuka juu ya buti na kina ndoano ndogo ya kushika kamba ya kiatu. Usikiache kinaning'inia. Kazi yake ni kuzuia kokoto zisiingie, na kokoto nimeshakwambia zinafanya nini.

Ukiwa unaangalia weda yenyewe, igeuze ndani nje. Mishono iwe imefunikwa na utepe mpaka mwisho, pitisha kidole uone kama kuna pembe imenyanyuka. Ukipata iliyowekwa mishono mbele na nyuma ya mguu badala ya katikati ya mapaja, hiyo ni bora, manake ukitembea mapaja yanasuguana na mshono wa kati unachakaa mapema. Magotini kuwe na kitambaa cha ziada. Kiunoni kuwe na vitanzi vya mkanda. Mifuko mi huwa siihesabu.

Umeniuliza kuhusu kuzama na nashukuru umeuliza, kuna watu wanaona aibu kuuliza. Maji yakiingia ndani ya weda hayakuvuti chini. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha, ndoo iliyojaa ukiiacha chini ya maji unaiinua kwa kidole, uzito unauona ikishatoka juu. Hatari ya weda iliyojaa ni kwamba huwezi kupiga miguu uogelee vizuri, na ukifika ukingoni huwezi kujiinua utoke manake sasa umebeba maji yote hayo, na watu wanaishiwa nguvu pale pale mita moja toka nchi kavu. Kwa hiyo mkanda wa kiunoni ni lazima, sio pambo. Mkanda ukiwa umekazwa maji yanaingia kidogo kidogo badala ya kumwagika yote mara moja mpaka miguuni, unapata muda. Wengi wananunua weda za bei nafuu zinakuja na mkanda mwembamba wenye kifungo dhaifu, badilisha, weka mpana wa kuvutika. Na kabla hujaukaza, ingia maji ya magotini, chuchumaa taratibu, utasikia hewa inapanda inatokea kifuani, ikishatoka ndo ukaze, la sivyo hewa inabaki miguuni na ukianguka miguu inataka kuelea juu.

Ukianguka kwenye mkondo lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, magoti yamekunjwa kidogo, piga mikono ujisogeze ukingoni. Fimbo ya kuvulia iachie! Usijaribu kusimama maji yakiwa bado yana kina na kasi, mguu unaweza kunasa kati ya mawe na mkondo ukakulaza kifudifudi. Subiri mpaka makalio yaguse chini, hapo geuka utambae, usisimame, tambaa kwa magoti mpaka nje, fungua mikanda ya mabegani maji yamwagike. Zoezi hili lifanye siku ya joto kwenye maji yaliyotulia, mafupi, na mtu anayejua kuogelea akiwa pembeni yako. Mara moja tu inatosha, mwili unakumbuka. Ziwani vaa na jaketi la kuokolea, kule chini kunashuka ghafla na huwezi kuona.

Na fimbo ya kutembelea usiiache. Huna haja ya kununua, mpini wa fagio wenye kamba ya kufungia kiunoni unafanya kazi ileile. Uiweke upande mkondo unakotoka, uiegemee, sogeza mguu mmoja kwa wakati bila kuunyanyua juu, unapapasa jiwe kwanza ndo unahamisha uzito. Simama ubavu kwa mkondo, usiupe kifua. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili nguvu inayokusukuma inaongezeka mara nne, ndo maana mto uleule uliouvuka juzi kwa raha leo baada ya mvua unakubeba. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mtoni wingi wenyewe unabadilika toka siku hadi siku.

Utunzaji sitachukua muda. Ukimaliza kuvua suuza kwa maji safi, toa tope lote kwenye soli, ning'iniza kwa miguu mahali penye kivuli na upepo, nje ikikauka geuza na ndani ikauke. Jua kali na joto vinakula gundi ya mishono na kukausha mpira. Usiisahau kwenye buti la gari imekunjwa na unyevu, ukungu utaipata ndani ya siku chache na harufu haitoki. Ukihama mto mmoja kwenda mwingine hakikisha imekauka kabisa usije ukahamisha viumbe. Kata kucha za miguu, naongea kweli, kucha ya kidole gumba imetoboa soksi nyingi nilizoletewa. Wakati wa kuvaa tandika kipande cha zulia au simama kwenye beseni, usikanyage kokoto na soksi ya weda.

Ikivuja usikimbilie kununua mpya. Inayopumua igeuze ndani nje, nyunyizia spiriti ya kusafishia vidonda, penye tundu patatokea doa jeusi hata kama tundu ni la sindano, zungushia kalamu, subiri ikauke, paka gundi ya urethani ya kuzibia weda kiasi cha ukubwa wa kifungo cha shati, iache usiku mzima na zaidi. PVC na neoprini hazionyeshi kwa spiriti. Hizo ingia nazo chumba cha giza, pitisha tochi ndani ya mguu uone mwanga unapotokea, au zijaze maji.

Ambayo inanileta kwa rafiki yako. Neoprini ya miaka mitatu inaweza kuwa nzuri bado, lakini kwa mto wako wa kutembea utaitumia siku za baridi kali tu, mchana utaivua. Kama bei ni ya kutupa kweli na inakutosha, nenda kaiangalie kabla hujanunua nyingine. Mwambie aining'inize kwenye mti au nondo imara, mjaze maji mguu mmoja mmoja mpaka juu ya goti, sio yote manake uzito utararua mishono, muisubiri dakika kumi. Pitisha mkono nje, msambani, nyuma ya magoti, kwenye vidole. Jasho la maji kwenye mshono sehemu moja mbili unaziba, hilo lisikutishe. Bonyeza neoprini kwa dole gumba magotini na makalioni, ikirudi imejaa ni nzima, ikibaki bapa vipovu vimeshakufa na joto halipo tena. Kama ni ya buti humohumo, pinda buti pale vidole vinapokunjika uangalie mpira, ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu, hizo hazizibiki. Na uivae, uchuchumae palepale mbele yake. Akiwa mrefu kuliko wewe, itajikusanya miguuni, basi mshukuru mwachie, hiyo hela ongezea kwenye buti.